UZI: Kituo cha kuhamishia taka kinaletwa karibu na nyumba. Pingamizi lenye nguvu linajengwaje?

Jirani wa Korongoni

Wakuu, heshima kwenu. Naomba uzi huu ubaki wa kazi. Habari za nani kala nini ziende kwenye nyuzi zake.

Suala liko hivi. Mtaa mmoja pembezoni mwa Dar una eneo la wazi la mita 50 kwa 40. Pamependekezwa kituo cha kuhamishia taka, tani 200 kwa siku. Maguta, kirikuu na kompakta (malori yanayoshindilia taka) zishushe hapo, kisha malori makubwa yabebe kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Nyumba ya kwanza iko mita 35 kutoka mpaka wa eneo. Upande wa chini kuna korongo linalomwaga maji yake Mto Msimbazi, na nyumba nyingi zina visima vifupi vinavyotumika bomba likikauka. Tangazo limebandikwa ofisi ya mtaa: mkutano wa kutoa maoni, wiki mbili zijazo.

Watu wamewaka. Wapo wanaotaka kufunga barabara, wapo wanaotaka kususia mkutano. Wenye ujuzi wa mambo haya, tupeni mpangilio: kinaanza nini, kinafuata nini, na watu huharibu wapi.

Karani wa Kata

Mkuu, anzeni na makaratasi leo, msisubiri mkutano.

Mradi kama huo hauruhusiwi kuanza bila Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Kinacholazimisha ni kifungu cha 81 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na msimamizi ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mradi unasajiliwa kwanza. Mtaalamu aliyesajiliwa anaandaa taarifa ya upeo (mambo gani utafiti utagusa) na hadidu za rejea (orodha ya anayolazimika kuyapima). Zikipita, ndipo utafiti wenyewe unafanyika, ripoti inawasilishwa, kamati ya wataalamu inaipitia na kutembelea eneo, na mwishoni cheti kinatolewa au kinanyimwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa maandishi ni hili: mkutano huo ni wa hatua ya upeo au ni wa utafiti?

Tofauti yake ni kubwa. Mkiwa bado kwenye upeo, kila mtakalolitaja linaweza kuingia kwenye hadidu za rejea, na mtaalamu akalazimika kulipima. Tajeni visima, visima vitapimwa. Msipovitaja, ripoti itakuja na kurasa 200 zisizo na kisima hata kimoja, na kulichomeka jambo jipya wakati huo ni kazi ngumu mno.

Barua ya kuomba nyaraka iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala NEMC, nakala kwa diwani. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa mwenye taarifa muda usiozidi siku 30 kujibu. Ombeni kila kitu kwa jina lake: taarifa ya upeo, hadidu za rejea, mchoro wa eneo wenye vipimo, mchoro wa mipango miji wa mtaa, uthibitisho wa umiliki wa kiwanja, na jina la mshauri elekezi, yaani mtaalamu anayeandaa tathmini. Ukiomba "taarifa zote za mradi" unapewa ukurasa mmoja wa sifa za mradi, basi.

Pelekeni barua masjala kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ujumbe wa WhatsApp kwa ofisa hauna pa kushikwa.

Na kwa kuwa mkutano ni wiki mbili na majibu ni siku 30, barua hiyo hiyo iombe mkutano usogezwe hadi nyaraka zitoke. Wakigoma, nendeni, lakini kauli ya kwanza kabisa mkutanoni iwe kwamba mliomba nyaraka tarehe fulani hamkupewa, na iandikwe kwenye muhtasari.

Mpita Njia 255

Vipi ile karatasi ya mahudhurio? Nimesikia saini zake zinageuzwa kuwa kibali.

Karani wa Kata

Hofu hiyo ina msingi. Orodha ya mahudhurio huambatanishwa mwishoni mwa ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Haisemi waliridhia, lakini msomaji wa haraka huona majina 140 na kupita.

Kususia ndiyo mbaya zaidi, maana ripoti itaandika kwamba wananchi walialikwa hawakutokea. Sainini, ila kabla ya kusaini someni kichwa cha karatasi. Kama hakina maneno, mwandike wenyewe juu kabisa "Mahudhurio ya mkutano wa tarehe fulani, si ridhaa ya mradi". Karatasi ya posho isichanganywe na ya mahudhurio. Pigeni picha kurasa zote kabla hazijaondoka mezani.

Fundi Mitaro

Mimi niingie kwenye namba, maana hapo ndipo miradi hii huvuja.

Mita 50 kwa 40 ni mita za mraba 2,000. Ondoa mizani ya magari, geti, ofisi, choo, sehemu ya kuoshea na njia ya lori kugeukia. Sehemu ya kushushia taka haitazidi nusu, yaani mita za mraba 1,000. Taka za Dar sehemu kubwa ni mabaki ya chakula na majani, zimebeba maji. Tukadirie kilo 350 kwa mita ya ujazo zikiwa zimemwagwa bila kushindiliwa. Tani 200 ni kama mita za ujazo 570. Zikirundikwa kimo cha mita moja na nusu zinakalia mita za mraba 380.

Kwenye karatasi panatosha kabisa. Sasa malori ya kutoa mzigo yakwame siku moja: mnakuwa na mita za mraba 760. Yakwame siku ya pili: 1,140, pamejaa na kupitiliza. Kuanzia hapo maguta yanamwaga getini, kisha barabarani. Vituo vingi vya aina hii hugeuka dampo kwa njia hii hii, wala haihitaji mtu mwenye nia mbaya. Dizeli ikikosekana, malipo ya mkandarasi yakichelewa, au njia ya kuingilia dampo ikiharibika masika, imetosha.

Kwa hiyo ulizeni: malori ya kutoa ni mangapi, ya akiba ni mangapi, na kituo kitafunga geti lini kikizidiwa? Wakisema hakitazidiwa, hawajapanga.

Halafu maji. Mchoro mnaopaswa kuudai ni wa mifereji, ule wa rangi wenye miti na nyasi hauna kazi. Angalieni kama sehemu ya kushushia ina paa. Bila paa, mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo kwa Aprili ya Dar si ya ajabu, juu ya mita za mraba 2,000 ni lita 100,000 za maji yaliyochanganyika na uchafu wa taka. Gari la kunyonya la lita 10,000 litahitaji safari kumi kwa mvua hiyo moja. Hakuna atakayeyaleta magari hayo. Maji yatakwenda korongoni.

Likiwepo paa, mvua safi inapelekwa mtaro wake, na maji machafu yanabaki yale ya taka zenyewe na ya kuoshea sakafu. Mkisafisha kwa lita 5 kila mita ya mraba, sakafu ya mita 1,000 inatoa lita 5,000 kwa siku. Hizo zinadhibitika. Sakafu iwe ya zege, ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mfereji wenye chuma cha wavu, mfereji uingie chemba ya kukamata mchanga na mafuta, kisha tangi lisilovuja. Kwenye mchoro tafuteni bomba la kumwagikia la tangi hilo. Lifuateni kwa kidole mpaka mwisho wake. Likiishia kwenye korongo, mmepata hoja yenu kubwa.

Kitu cha mwisho: kifungu cha 57 cha sheria ile ile ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kamba ya kupimia na picha zenye tarehe vinatosha kuanzia. Watabishana kama korongo ni mto, kwa hiyo pigeni picha linapotiririka.

Tani Ishirini

Niongezee malori. Tani 200 kwa gari la tani 7 ni magari 29 ya kuingia. Kuingia na kutoka ni mapito 58. Malori makubwa ya tani 20 ni kumi, mapito 20. Jumla 78. Kituo kikifanya kazi saa 12 kwa siku, linapita gari moja kila dakika tisa, na hapo sijahesabu maguta na mikokoteni, ambayo ndiyo mingi na ndiyo inayosimama foleni barabarani.

Pimeni upana wa barabara mahali pembamba kuliko pote, pale penye nguzo au kibaraza cha duka. Barabara ya mtaa ya mita 5 haipishanishi malori mawili. Hesabuni pia watoto wanaovuka kwenda shule kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kwa siku tatu za kazi, kila robo saa. Jedwali la kurasa mbili lenye namba kama hizo hujibiwa. Maneno "kutakuwa na msongamano" hayajibiwi.

Na kompakta inachuruzika. Maji yake meusi hudondoka njia nzima, hasa kwenye matuta na kona. Dai la kuosha barabara liwemo.

Kaskazi na Kusi

Harufu. Mita 35 ni karibu mno, lakini msiseme tu "kutanuka". Onyesheni nani atanukiwa na lini.

Dar tuna pepo mbili kubwa. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huvuma ikitoka kaskazini mashariki, kwa hiyo nyumba zilizo kusini magharibi mwa kituo ndizo zitakazobeba. Kusi, kuanzia kama Aprili au Mei hadi Septemba, hutoka kusini na kusini mashariki, na zamu inakuwa ya nyumba za kaskazini na kaskazini magharibi. Chukueni ramani, wekeni kituo katikati, chora duara za mita 100, 200 na 300, kisha tieni alama kila nyumba, shule, msikiti, kanisa, zahanati na genge la chakula. Mtaona hakuna upande unaosalimika mwaka mzima.

Usiku ni habari nyingine. Upepo ukitulia, hewa ya baridi hushuka bondeni na harufu nayo. Walio korongoni wataamka nayo alfajiri hata kama mchana hawaisikii. Mkaguzi akija saa tano asubuhi na upepo wa baharini umeshapanda, ataandika kwamba hali ni ya kawaida. Ombeni ukaguzi wa saa 11 alfajiri.

Nzi: watakuambia taka zitakaa chini ya saa 24, hivyo nzi hawatazaliana. Nusu ya jambo ni kweli. Kwa joto letu, yai la nzi huanguliwa ndani ya siku moja, na mpaka nzi kamili ni wiki hivi au siku kumi. Lakini taka za majumbani zikichukuliwa mara moja kwa wiki, zinafika kituoni na funza wao tayari. Hao hutambaa kutoka kwenye rundo kutafuta udongo mkavu wa kujigeuza, na udongo huo ni ule ulio kando ya sakafu, kwenye uzio wenu. Kwa hiyo sharti la saa 24 pekee halitoshi. Panahitajika ukuta mfupi wa zege unaozunguka sakafu, kona zisafishwe kila siku, na pasiwe na ukanda wa udongo mtupu pembeni.

Mama Kisima

Kwenye visima watu wengi hupoteza kesi kwa sababu hupima baada ya kituo kuanza. Wakati huo jibu ni jepesi: visima vyenu vilikuwa vichafu tangu zamani kwa sababu ya vyoo vya shimo. Na mara nyingi vilikuwa hivyo kweli. Pimeni sasa.

Chagueni visima vinne: kimoja juu ya eneo, vitatu chini yake kuelekea korongoni. Kile cha juu ndicho cha kulinganishia. Pimeni mara mbili, kiangazi na masika, maana maji ya ardhini hupanda masika na uchafu husafiri kirahisi zaidi kwenye mchanga. Kina cha maji kipimwe kwa kamba yenye uzito asubuhi kabla pampu haijawashwa.

Kuchota sampuli: washa pampu dakika 5 hadi 10 maji yaliyolala yatoke. Futa mdomo wa bomba kwa spiriti. Tumia chupa iliyotakaswa na maabara yenyewe, usiisuuze, usiguse ndani ya kifuniko, acha nafasi kidogo juu. Chupa ya vijidudu iwe tofauti na ya kemikali. Weka kwenye boksi lenye barafu na ifike maabara siku ile ile, ikiwezekana ndani ya saa 6. Chupa ya maji ya kunywa iliyooshwa nyumbani inaharibu kila kitu, na maabara makini itaikataa.

Ombeni vipimo vya E. koli, naitreti, amonia, kloraidi, upitishaji umeme wa maji, na kiasi cha oksijeni kinachohitajika kikemikali. Kloraidi peke yake isiwadanganye, visima vingi vya Dar vina chumvi kiasili. Maabara ziko: Mkemia Mkuu wa Serikali, maabara za Wizara ya Maji, Chuo Kikuu Ardhi. Ulizeni bei kwa kila kipimo kabla ya kuchangishana. Cheti cha majibu kiandikwe jina la mtaa na namba ya kisima.

Hatutaki Basi

Mnatuchosha. Mkianza kuzungumzia paa na tangi mmeshakubali kituo. Msimamo uwe mmoja: hatutaki. Tabata walishinda hivyo.

Wakili Mtaa wa Pili

Ndugu, Tabata walishinda kwa ushahidi na sheria. Shauri la Madai Na. 299 la 1988, Mahakama Kuu Dar es Salaam, wakazi dhidi ya Halmashauri ya Jiji, juu ya moshi, harufu na nzi wa dampo. Walipata amri 1988. Jiji likaomba kuongezewa muda mara kadhaa, na taka zikaendelea kumwagwa. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza tena, akasema kuwaweka watu kwenye hali ile kunagusa haki yao ya kuishi chini ya Ibara ya 14 ya Katiba. Angalieni miaka hiyo: ushindi wa mahakamani bila wa kufuatilia utekelezaji uliwaacha watu na moshi miaka mitatu.

Kwa kesi ya mtaa huu, inayofaa zaidi ni ya Kunduchi Mtongani, Shauri Na. 90 la 1991. Jiji lilihamishia taka huko, wakazi wakaenda mahakamani, na uamuzi wa Jiji ukafutwa. Hoja iliyobeba ni kwamba eneo lilikuwa limepangwa kuwa la makazi. Ndiyo maana mchoro wa mipango miji ni waraka wa kwanza kuutafuta. Kama kiwanja kimeandikwa eneo la wazi au la michezo, kugeuza matumizi kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na tangazo kwa majirani ni sehemu yake. Mtaa ukiwa haujapimwa, tafuteni mchoro wa urasimishaji na Mpango Kabambe wa Jiji wa 2016–2036.

Muda sasa. Maombi ya mapitio ya uamuzi wa chombo cha umma huanza kwa kuomba kibali Mahakama Kuu ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Kibali kikitoka mna siku 14 kufungua maombi yenyewe. Kesi ya kawaida dhidi ya halmashauri inahitaji notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Ujenzi ukianza ndani ya siku hizo 90, mnaomba zuio la muda la Mareva, lile linaloombwa kabla kesi haijafunguliwa, mpaka notisi iishe. Mkiwa wengi, wachache watawakilisha wengine kwa ruhusa ya mahakama chini ya Amri ya 1 Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Hapo mashauri mengi huanguka kwa kukosa orodha ya majina na saini za wanaowakilishwa. Iandaliwe mapema, jina kamili, namba ya nyumba, umbali kutoka eneo la mradi.

Kuhusu masharti: barua iwe na sehemu mbili. Ya kwanza inapinga eneo na sababu zake. Ya pili inaanza hivi: "Bila kuathiri pingamizi letu la hapo juu, endapo mamlaka itaamua vinginevyo, masharti yafuatayo yawe sehemu ya cheti." Sharti likiwa ndani ya cheti, kulivunja ni kosa. Ahadi ya mkutanoni haina wa kuishtaki.

Na kufunga barabara acheni. Viongozi wenu watalala kituo cha polisi na faili litasomeka kama fujo, visima na korongo vitasahaulika.

Fundi Mitaro

Hatutaki Basi, uchungu wako naupata. Lakini tazama kilichofuata Tabata: taka zilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, ndipo Pugu. Kila mara watu wengine walipokea. Pingamizi linaloonyesha eneo mbadala lina uzito zaidi: kiwanja chenye barabara ya lami ya malori, mbali na nyumba, kisicho juu ya maji. Na punguzeni mzigo wenyewe. Taka za masoko zikitengwa ziende kwenye mboji, kama kiwanda cha Mabwepande kilichojengwa kwa tani 50 kwa siku, tani za kuhamisha zinashuka na sehemu inayonuka zaidi inaondoka.

Jirani wa Korongoni

Asanteni sana, wakuu. Swali la mwisho: siku ya mkutano nani aongee? Hofu ni kelele.

Karani wa Kata

Watano wanatosha, kila mmoja mada moja: mchoro wa ardhi, maji na korongo, barabara, harufu na nzi, eneo mbadala. Dakika tatu tatu. Kila anayemaliza kuongea anamkabidhi katibu karatasi yake iliyosainiwa, na nakala yake inagongwa muhuri papo hapo, maana katibu huandika kwa kufupisha na dakika tatu zenu zinaweza kuwa mstari mmoja "wananchi walihofia mazingira". Wapangeni wakae mbele na waombe nafasi mapema kabla wageni wa meza kuu hawajamaliza muda. Wa sita kazi yake ni moja tu: kabla mkutano haujafungwa aombe muhtasari usomwe kwa sauti, pale pale, na palipokosewa parekebishwe na mwenyekiti aweke saini ndogo pembeni.